Ngazi Saba

Juu ya mawe ya volkano huchimbi choo. Uliza wale waliojaribu. Mwaka wa 2022, vita iliposukuma watu wa Rutshuru mpaka kwetu Goma, waliwekwa kaskazini mwa muji, juu ya lava ileile iliyoshuka 2002, na wafanyakazi wakaja na mitarimbo na nyundo. Siku mbili walipiga. Wakapata shimo la kuweka sufuria. Siku ya tatu mukubwa wao akasema: kama hatuwezi kushuka, basi tupande. Ndiyo sababu vyoo vya ile kambi viko juu. Chini kuna tangi, juu ya tangi mbao, juu ya mbao kijumba cha shitingi, yale maturubai ya musaada, na mbele kuna ngazi. Ngazi saba. Mimi nazijua vizuri kwa sababu nilizihesabu kila siku, kwa sauti, kwenye megafone, na hiyo ndiyo aibu ninayotaka kuandika hapa.

Jina langu Rodrigue. Sekondari nilimaliza na asilimia makumi tano na mbili, na hizo mbili za mwisho ni Mungu aliongeza. Kabla ya kambi nilikuwa sokoni Birere, naita wateja kwenye kibanda cha viatu vya mitumba. Mutu alikuwa anapita na viatu vyake viwili vizima, namucheka mpaka anaanza kuvionea haya, anakaa chini, anajaribu vingine. Kwa hiyo shirika moja la maji na usafi liliposema linatafuta mutu mwenye mudomo, sikuwa na mushindani.

Nilipewa jile ya buluu, kikoti kisicho na mikono, na megafone. Kazi: kuzunguka kambini na kuambia watu wakunywe maji ya tangi, wanawe mikono, wapande chooni, wasiende nyuma ya mawe. Wiki ya kwanza nilisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Watu walipita karibu yangu kama wanapita karibu ya mbuzi aliyefungwa. Wiki ya pili mama mumoja alikuwa anapanda choo na kibido chake, dumu dogo la maji, nikaona zile ngazi, nikaona ule mulango mudogo, na mudomo ukafanya kazi kabla ya kichwa.

"Abiria wa Kinshasa! Ndege iko tayari! Funga mukaba!"

Mustari muzima ulicheka. Yule mama mwenyewe alicheka mpaka akajishika kwenye mulango. Kuanzia siku ile kila choo ni ndege. Nilihesabu ngazi: moja, mbili, tatu, mpaka saba, halafu, "Mulango unafungwa!" Mutu akikawia ndani, natangaza kwamba ndege imechelewa, kuna mvua Kisangani. Watoto walijua yote kwa kichwa. Shefu wangu, Damien, mutu mwema na mwenye haraka, alinichukua video na simu yake akatuma ofisini. "Rodrigue," aliniambia, "wewe unafanya mutu apende choo."

Nilipenda sana kupendwa. Hiyo pia iandikwe.

Muchana mumoja alikuwa anapanda mwanamuke kijana anaitwa Dative. Alikuwa mukamwana wa muzee Sebahire, bibi ya mutoto wake, watu wa Kalengera kule Rutshuru. Bwana yake alikuwa anatafuta kazi upande wa Minova, naye alibaki na mutoto wa miezi ine kwa wazazi wa bwana. Kila mara alikuwa anangoja muzee atoke, aende kanisani ao kutafuta kuni, ndipo apande, kwa sababu mulango wa kibanda cha muzee ulikuwa unatazama ngazi, hatua kumi tu. Mimi nilikuwa namuona anavyongoja. Nilifikiri ni kuzubaa. Siku ile muzee alikuwa amekaa mulangoni, kofia imeshuka usoni, na Dative alifikiri analala. Alifika ngazi ya ine.

"Na sasa anapanda mukamwana wa muzee Sebahire!" nikasema na megafone. "Muzee, amuka, sindikiza mukwe wako! Ndege inaenda!"

Watu walicheka, lakini si wote. Wamama wengine waliinama kama wanatafuta kitu kwenye mawe. Dative alisimama pale ngazi ya ine. Hakupanda, hakushuka. Halafu akavuta kitenge mpaka usoni, akashuka. Muzee naye alisimama, akaingia ndani, akafunga shitingi.

"Abiria amesahau pasipoti!" nikasema. Walicheka tena, kidogo. Naandika na hiyo kwa sababu nikiiacha mutanionea huruma.

Kesho yake muzee alikuwa amehamisha mulango. Alikata shitingi upande wa pili, ule unaotazama mawe matupu na upepo wa mulima, na mulango wa zamani akaushona na kamba. Nilipita, nikaona, nikafurahi kama mutu aliyeokota simu.

"Muzee! Umenunia ndege?"

"Napenda kutazama mawe, mutoto wangu," akajibu.

Hiyo niliibeba kambi nzima. Muzee amenunia ndege. Watu walikufa na kicheko.

Baada ya wiki tatu wamama wanaosafisha vyoo wakasema kazi imekuwa rahisi, vyoo havichafuki. Damien alifurahi siku moja. Siku ya pili akajikuna kichwa. "Choo kisichochafuka," akasema, "ni choo ambacho hakuna mutu anapanda." Alienda kuangalia nyuma ya mawe, akarudi ameziba pua. Wiki ileile watoto wawili walipelekwa kliniki na kuhara kwa maji meupe, ule ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuuita kwa jina.

Ofisi ikatuma neno: muchambue vizuizi. Njia yake si ngumu. Unatafuta watu makumi ine na tano wanaotumia choo, na makumi ine na tano wasiotumia. Unauliza wote maswali yaleyale. Nani anakubali? Nani anakukataza? Nini kinafanya ikuwe vigumu? Halafu unalinganisha. Pale majibu yanapoachana, kizuizi kiko pale. Na nani atauliza? Rodrigue, kwa sababu watu wanamupenda.

Nilienda na fishi, zile karatasi za maswali, na kalamu ya bic, na jile yangu.

"Mama, nani anakukataza kupanda choo?"

"Hakuna, papa."

"Nini kinafanya ikuwe vigumu?"

"Hakuna. Tunashukuru shirika."

"Sasa mbona hupandi?"

"Aa, andika uvivu."

Papa mumoja alisema anaogopa kizunguzungu. Mwengine alisema hana kitu tumboni cha kupandisha, apewe kwanza chakula. Hao nilicheka nao. Lakini wanawake, mumoja baada ya mwengine, wote uvivu. Nikaandika uvivu, uvivu, uvivu, mpaka nikaanza kuchora tu alama. Sikujiuliza mutu anayelima tangu utoto, aliyetembea kutoka Kalengera na mutoto mugongoni na sufuria kichwani, uvivu wake anaupata wapi.

Dative nilimukuta kwenye kivuli cha kibanda, anamunyonyesha mutoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Swali la kwanza la fishi ni jina la mukubwa wa nyumba.

"Niko kwa baba ya bwana yangu," akasema.

"Anaitwa nani?"

Akahamisha mutoto upande wa pili.

"Mama, siwezi kuandika baba ya bwana yangu. Hata huyu ana baba ya bwana, hata yule pale. Jina?"

"Unamujua."

"Mimi namujua. Fishi haimujui."

Akaonyesha kibanda na kidole. Nikajifanya sioni. "Anaitwa Kibanda? Anaitwa Shitingi?" Mara tatu nilimuuliza, nikamuona anatafuta njia ya kutoka, na ile ilinifurahisha.

Sasa musikilize vizuri. Kwa watu wetu, mwanamuke aliyeolewa hataji jina la baba mukwe. Na baba mukwe naye hamutazami mukamwana akioga, ao akienda pale kila mutu anaenda. Ndivyo wanaishi pamoja na kila mumoja anabaki na heshima yake, nyumba ikuwe kubwa ama ikuwe kipande cha shitingi. Mimi si mugeni wa hayo. Baba yangu, Mungu amulaze, alikuwa wa Masisi, na mpaka leo mama yangu hajataja jina la babu yangu. Akitaka kumusema, anasema "mwenye nyumba ya juu." Nilijua. Lakini nikivaa ile jile nilikuwa nafikiri hayo ni mambo ya wengine, ya watu wa kuandikwa kwenye fishi.

"Sawa," nikasema nikichoka. "Kwa nini hupandi choo?"

"Andika uvivu."

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Yanatosha."

Nikaandika: yanatosha.

Jioni ile nilirudi kwetu Katoyi. Mama yangu, Mama Julienne, alikuwa amekaa mulangoni na sinia ya maharagi, anachagua mawe. Nikamuigizia yote na sauti zake. Abiria wa Kinshasa: mama akacheka mpaka machozi. Mvua ya Kisangani: akanipiga na kitambaa. Nikafika kwa Dative na ngazi ya ine.

Mukono wake ukasimama kwenye maharagi.

"Na baba mukwe alikuwa anaona?"

"Kabisa, mama! Ndiyo utamu wenyewe."

Akarudi kuchagua. Alichagua muda murefu, na maharagi yale yalikuwa yameshakuwa safi. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Pale Sake ulikunja kitenge mapema."

Akabeba sinia, akaingia ndani. 

Mwezi wa tano wa 2021 mulima wa volkano ulipasuka siku ya posho, yaani jumamosi, na alhamisi wakatuambia tutoke, muji unaweza kulipuka chini ya miguu yetu. Tulitembea mpaka Sake na watu wasio na hesabu, tukalala kwenye uwanja wa shule. Vyoo vilikuwa viwili. Mama alivumilia mpaka hakuweza tena. Nyuma ya ukuta mumoja uliovunjika alinipa kitenge chake, nikishike kimefunguka, nikimupa mugongo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikiwa nimeshika, wakatokea barabarani wenzangu wa darasa, na kati yao musichana mumoja niliyetaka anione mwanaume. Nikakunja kitenge. Nikakiweka kwapani, nikaenda kuwapokea, nikauliza kama wameona mahali wanauza mikate. Nilifanya mizaha mingi saa ile. Nyuma yangu nilisikia mama anakohoa, kikohozi kile cha kuambia wapita njia kwamba kuna mutu hapa. Alikohoa, akakohoa. Niliporudi hakuuliza kitu, na karibu miaka miwili nilifikiri hakuona.

Ningependa kuandika kwamba asubuhi yake nilikuwa mutu mwengine. Hapana. Asubuhi nilivaa jile nikaenda kazini, nikasimama kwenye robinet, bomba la maji, na megafone yangu, naita watu kunawa mikono.

Dative alikuwa kwenye mustari. Alijaza bido, litre makumi mbili, akainama kuibeba, na magoti yakakunjika kama ya mutu anayepiga magoti kusali. Akalala pale pale kwenye maji. Muforomo, muuguzi wa kliniki, alikuja mbio, akamufinya ngozi ya mukono, ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu hanywi maji," akasema.

"Hanywi maji na yuko kwenye robinet?" mutu akauliza, na wengine wakataka kucheka, wakanitazama mimi kama wanangoja niendelee. Nikashusha megafone.

Walimubeba. Mama mukwe wake, Mama Béata, alifika na mutoto mukononi, akanishika jile akanivuta pembeni.

"Kwenye karatasi yako uliandika nini kwa huyu?"

"Uvivu, mama."

"Uvivu." Alilirudia kama anaonja chakula kilichoharibika. "Anakunywa kikombe kimoja asubuhi, Rodrigue. Kimoja. Ili asipande muchana. Maziwa yamekauka, mutoto analia tangu juzi. Na si yeye peke yake. Hesabu wamama wa mustari huu, wewe unayependa kuhesabu. Tunaogopa mudomo wako kuliko tunaogopa kuhara."

"Mama Béata, ilikuwa muzaha tu…"

"Na muzee? Unafikiri aligeuza mulango kwa sababu gani? Aligeuza ili mutoto wa watu apande bila haya. Usiku upepo unamuingia kifuani, anakohoa mpaka asubuhi. Wewe ukaja ukamucheka. Mulango uligeuka, mwanangu. Mudomo wako haukugeuka."

Mutoto alianza kulia, akamutikisa.

"Sasa mama ya huyu amesema akitoka kliniki anafunga mizigo, anarudi Kalengera. Kule kuna bunduki, lakini anasema kule kuna shimo nyuma ya migomba na uzio wa majani. Mwende mumuambie abaki, nyinyi wenye maji."

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya kutoa majibu ya uchambuzi. Watu walikaa chini, kamati mbele, na Damien akabandika karatasi kubwa kwenye mbao. Kizuizi cha kwanza: uvivu. Kizuizi cha pili: kukosa ujuzi. Dawa: kuongeza mahubiri ya usafi. Rodrigue aongezewe miezi sita na wasaidizi wawili, kila mumoja na megafone yake. Damien alinikonyeza. Alifikiri ananifurahisha, na ni kweli wiki moja nyuma ningeruka kwa furaha.

Nikainua kidole kama darasani.

"Shefu, fishi zina kosa."

"Kosa gani?"

"Ule uvivu si wao. Ni mimi. Walinijibu hivyo kwa sababu ni mimi niliyekuwa nauliza." Nikashika jile kifuani. "Kizuizi ni mimi. Kimevaa jile ya buluu."

Watu wakacheka.

Walicheka vizuri, kwa moyo, jinsi nilivyowafundisha. Nikasema tena: "Ni kweli, nawaambia kweli." Sauti ikanikatika, na kijana mumoja akapiga makofi: "Muone, anaigiza kulia!" Wakacheka zaidi. Nilisimama mbele ya watu mia mbili na ukweli mukononi, na hakuna hata mumoja aliyeupokea, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuwapa kitu kingine isipokuwa muzaha.

Ni Mama Béata aliyenyamazisha kicheko. Hakupaza sauti.

"Basi panda," akasema.

"Nini, mama?"

"Panda, tukuone. Tangu umekuja hapa hujapanda hata siku moja. Unaenda chooni kwa ofisi."

Ilikuwa kweli. Damien alisema, "Mama, haina lazima," lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza.

Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyecheka sasa. Nilisikia mbao. Ya ine ni ndefu kuliko zingine, kitu ambacho hakionekani kutoka chini. Lazima unyanyue goti juu, na kama umevaa kitenge lazima ukipandishe. Pale ndipo nilipomutangaza. Nikapanda ya tano, ya sita, ya saba, nikageuka.

Kutoka pale unaona kambi yote, na kambi yote inakuona. Kila mulango wa mustari ule unatazama ngazi, kama watu kanisani wanavyotazama padri. Nyuso zote zilikuwa juu yangu. Kibanda kimoja tu kilikuwa kimetoa mugongo. Na kati ya watu wale wote, mutu mumoja alikuwa amegeuza kichwa, anatazama mawe. Muzee Sebahire. Alinipa na mimi heshima ileile aliyomupa mukamwana wake.

Niliingia, nikafunga, nikasimama ndani bila kufanya kitu. Kushuka kulikuwa kurefu zaidi.

Damien alitoa karatasi yake mbaoni. Si mutu mubaya. Kwenye raporo mupya aliandika kwamba ngazi ziko wazi sana na kwamba zinahitaji kuzungushiwa shitingi, na kwamba muhamasishaji alikosa adabu. Shitingi iliombwa ofisini, walisema itafika. Mukataba wangu uliisha mwisho wa mwezi na hakuna aliyeuongeza. Jile niliirudisha imefuliwa.

Mama yangu ndiye alitoa shitingi. Ile tuliyopewa Sake 2021, alikuwa amefunikia kuni. "Nenda nayo," akasema, basi. Nilipanda kambini nayo begani na miti miwili na misumari michache, nikaifunga kwenye choo kimoja, upande ule unaotazama milango. Haikutosha. Kona ya chini ilibaki inapigwa na upepo.

Dative alikuwa ametoka kliniki asubuhi ile. Muzigo wake ulikuwa mulangoni, umefungwa na kamba. Mama Béata alikuja akaangalia kazi yangu, akanionyesha ile kona kwa kidevu.

"Shika."

Nikashika. Nikageukia mawe, mugongo kwa ngazi, kona ya shitingi kwenye ngumi. Nilisikia miguu inakuja, ikasimama. Halafu mbao ya kwanza ikalia. Sikuhesabu. Barabarani walipita vijana wawili wa Katoyi kwenye pikipiki, wanaonijua tangu Birere, wakapunguza mwendo.

"Eh, Rodrigue! Unafanya nini hapo?"

"Nimeshika shitingi," nikasema.

"Nani yuko juu?"

"Pita tu, ndugu yangu."

Wakacheka, wakaenda. Mukono ulianza kuuma na upepo ulikuwa unavuta, nikaongeza mukono wa pili. Muda kidogo miguu ikashuka. Ikasimama nyuma yangu. Sikugeuka.

"Upepo unaingia chini," Dative akasema. "Kesho leta kamba."

Nikasikia anaenda. Nilingoja mpaka sauti ya miguu iishe kabisa, ndipo nikaachilia kona na kwenda kutafuta kamba, leo ileile, kabla haijafika kesho.